Siku Niliyomsoma Baba Mkwe Mbele ya Watu

Aibu hii sijawahi kuisimulia yote, nilikuwa naitoa vipande vipande tu, leo kipande kwa jirani, kesho kipande kwa binti yangu, na sasa naitoa nzima kwa sababu wengi waliokuwa mle ukumbini wamekwisha kututangulia, na sisi tuliobaki tumezeeka kiasi kwamba tukicheka sana tunakohoa, basi hata mkinicheka mtanicheka kidogo kidogo. (Nitasimulia kwa Kiswahili changu cha darasani, maana nilikuwa mwalimu, lakini maneno ya watu nitayaacha jinsi yalivyowatoka mdomoni.)

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, rebelio, yale maasi ya bunduki, ilikuwa bado haijatufikia. Mimi nilikuwa naitwa Mamuzeli Feliste, nafundisha darasa la wadogo kwenye shule ya misioni hapa Uvira, nakaa na mama yangu mtaa wa Kilibula, na lile neno mamuzeli, la kumwita mwalimu ambaye bado ni msichana, nilikuwa nalipenda kuliko sukari. Mtu akiniita Feliste peke yake sigeuki, akisema mamuzeli nageuka hata kama hakuniita mimi. Kila kitu kilikuwa kipya wakati ule: bendera mpya, mihuri mipya ofisini, watu wapya kwenye viti vya zamani, na kila mtu alitaka naye awe na kipya cha kuonyesha. Basi na sisi tukapata chetu. Vikaja vitabu vya hadithi.

Mnaweza msielewe jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Vitabu tulikuwa navyo, ndiyo, lakini vilikuwa vya katekisimu, vya hesabu, vya jinsi ya kupanda pamba kwa mistari. Kitabu ambacho mtu amekaa chini akabuni watu ambao hawakuzaliwa popote, akawapa majina na matatizo, tena kwa Kiswahili, hicho tulikuwa hatujakiona. Vilifika na boti bandarini Kalundu, ndani ya sanduku la mbao lililojaa vitu vya padri, nakala moja moja tu za kuonyesha: kimoja cha vijana, kimoja cha watu wazima. Watu wakivipenda, nyingine zingefuata.

Padri mzee akaniita, akaniambia, "Feliste, siku ya Mungu kisha misa, ni weye utasomea watu, vitabu vyote mbili." (Aliniita Feliste tu, lakini kwa heshima ile niligeuka.)

Sasa sikilizeni, hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Vitabu vya siku zile vingine vilikuwa vinakuja kurasa zake zimeshikana pembeni, kiwandani walikuwa wanakunja karatasi kubwa na kuishona bila kuikata, kwa hiyo kabla ya kusoma unapitisha kisu kati ya karatasi, unazifungua moja baada ya nyingine. Kile cha vijana nilikikata nyumbani mapema, nikakisoma na kukirudia, kilikuwa cha msichana aliyefuga fisi maji ziwani, kitamu sana. Kile cha watu wazima nikakishika, nikakiangalia, nikakumbuka yule mkubwa wa serikali aliyekuja kufungua zahanati akakata utepe kwa mkasi huku watu wakipiga makofi, na moyo ukaniambia: Feliste, usikikate hiki. Kikate mbele ya watu.

Ni hilo tu. Hilo ndilo kosa lote, mengine ni watoto wake.

Na siku hiyohiyo ndiyo aliyochagua baba yake Zakaria kushuka kutoka Lubarika kuja kuniona. Zakaria alikuwa mchumba wangu, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi isiyotoka hata kwa mchanga. Tulikuwa tumependana muda mrefu na tulikuwa tunangoja kitu kimoja tu, baba yake aje, aniangalie, aseme ndiyo, habari za ng'ombe zianze. Huyo baba mkwe mtarajiwa alikuwa mkulima wa pamba na mpunga, anajulikana bonde zima la Ruzizi kwa kabuti lake zito la sufu ambalo alilivaa hata wakati jua linapasua matofali. Kusoma hakujua. Jina lake Simeoni.

Jumapili ikafika. Nilivaa gauni la maua na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu yangu (vilinibana mpaka nikawa natembea kama kuku kwenye majivu), nikapaka poda, na kwa kuwa sikuwa na kisu cha maana nikachukua kile cha mama cha kupasulia mikeke, wale samaki wa ziwani, nikakisugua kwa limau, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe. Ukumbi wa misioni ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mzee Simeoni na mke wake waliwekwa mstari wa mbele, kwenye viti vyenye mgongo, kabuti limefungwa vifungo vyote. Zakaria alisimama mlangoni. Mama yangu alikaa nyuma kidogo ya wageni, ameshika leso tayari kwa kulia machozi ya furaha.

Nikaanza na kile cha vijana. Jamani, nilisoma! Watoto walinyamaza, wakacheka panapochekesha, na nilipofika pale fisi maji anapoleta samaki wake wa kwanza, hata wazee walisema "Eeeh!" Nilimwona mzee Simeoni akimwinamia mke wake, akimwambia kwa sauti ya mtu anayefikiri ananong'ona, "Huyu mutoto iko na akili." Mama akaanza kulia palepale.

Basi nikajivuna. Nikakifungua kile kitambaa cheupe polepole, nikainua kisu juu kila mtu akione, nikapitisha kwenye kurasa za kwanza, krrrr, na watu wakapiga makofi kabisa kama kule zahanati. Harufu ya mikeke ikatoka kidogo, lakini nani angejali? Nikasoma:

"Kando ya mto mkubwa paliishi mtu mmoja, jina lake Simeoni."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Mzee akanyoosha mgongo. "Ni minye!" akasema, akawageukia watu wa nyuma. "Muliskia? Niko mu buku!" Watu wakacheka kwa furaha, na mimi nikacheka, nikaona hii ni baraka, Mungu mwenyewe amenipangia. Nikasoma kwa sauti zaidi.

"Simeoni huyo alivaa kabuti zito mwaka mzima, hata wakati wa jua kali."

Hapo makofi yalipigwa mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mabati. Mzee akasimama, akageuka huku na huku watu waone kabuti, akakaa. Mke wake akamfuta bega. Nikageuza ukurasa, nikakata, krrrr.

"Na katika nchi ile yote hapakuwa na mtu mchoyo kama yeye."

Mnajua ukimya wa ziwa kabla upepo wa mvua haujashuka kutoka milimani? Ndio huo. Nilisikia kuku nje. Nilikuwa nimekwisha kulitamka, haliwezi kurudi, na macho yangu yakakimbilia mstari uliofuata yakakuta mabaya zaidi, kwamba Simeoni alikuwa haendi kwenye arusi ila kwa ajili ya nyama. Nikafikiri haraka. Nikasoma, "Basi, huyo Samueli..."

"Samueli ametoka wapi?" akauliza mzee.

"Ni... ni mwingine, baba."

"Soma buku!" mtu akapiga kelele dirishani. "Simeoni anafanya nini?"

Nikasema labda turuke kidogo, tufike penye utamu. Nikaziacha kurasa zilizofuata bila kuzikata, nikajaribu kufungua mbele. Nao wakaona! Kurasa zilizoshikana zinaonekana hata kwa mtu wa mwisho kabisa. Vijana wa kiwanda cha pamba, rafiki zake Zakaria, ndio walioanza, "Kata, mamuzeli! Kata!" na ukumbi ukapokea, wakubwa kwa wadogo, wanapiga viti kwa mikono, "Kata! Kata! Kata!" Nami, mjinga mimi, nikakata. Jasho linachora mistari kwenye poda, nikasoma kwamba mifuko ya kabuti lile ilishonwa ndani kwa ngozi ili mchuzi usipite, na kwamba Simeoni akiinuka kwenye karamu, sahani zilizo karibu naye zinakuwa tupu.

Mzee Simeoni akasimama. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Hiyo haiko mu buku," akasema. "Ni weye unatunga. Nimetoka Lubarika juu ya kuona weye, na weye unaniweka mu midomo ya bantu."

"Baba, kweli ya Mungu, iko imeandikwa!"

"Minye sijui kusoma, ndiyo maana unafanya vile."

Hilo neno lilinichoma. Nikatafuta shahidi. Na katika watu wote waliojua kusoma mle ndani, nikamwita Paskali katekista. Paskali alikuwa mtu mwema kabisa, lakini alikuwa na sauti ya kengele, na alikuwa anasoma kila kitu, hata bei ya sabuni, kama anasoma waraka wa mtume. Nikampa kitabu nikamwambia, "Soma hapa tu, uwaonyeshe kwamba si mimi ninayetunga." Nilitaka asome mstari mmoja. Paskali akaweka miwani, akakohoa, akachukua kisu mkononi mwangu, akakata mbele zaidi (kwa nini, Paskali, kwa nini?), akasoma kwa sauti ile ya altareni:

"Ikawa siku ile ya arusi, mbwa akamfuata Simeoni kwa harufu. Naye mbwa akauma mfuko wa kabuti, nao mfuko ukapasuka, na mguu wa mbuzi ukaanguka miguuni pa bibi arusi."

Sitaki kuwaeleza kicheko kile. Watu walianguka kutoka madirishani. Padri mzee alijifunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, na sijui mpaka leo kama alikuwa anasali. Paskali peke yake hakucheka. Aliinua macho akasema, "Ndiyo, iko imeandikwa," kama mtu aliyenisaidia.

Mzee akamnyang'anya kitabu. Akakitia ndani ya kabuti, akamshika mke wake mkono, akatoka. Mlangoni akamwambia Zakaria, na kila mtu akasikia, "Ile ndoa, hapana tena." Nikawakimbilia. Nimewaambia viatu havikuwa vyangu: kisigino kikazama mchangani, nikaanguka kifudifudi mbele ya ukumbi mzima uliokuwa umetoka nje kuangalia, gauni huku, poda kule, na nilipoinua kichwa nilichokiona ni mgongo wa kabuti linakwenda barabara ya bondeni bila kugeuka.

Tangu siku hiyo nikaacha kuwa mamuzeli. Sokoni, ziwani, hata shuleni, nikawa Kata. "Kata anapita!" "Kata, leo unakata nani?" Mama hakunisema, na hilo lilikuwa baya zaidi, alikuwa anapasua samaki wake anakiangalia kile kisu halafu ananiangalia mimi. Zakaria alipanda Lubarika mara nyingi kumsihi baba yake, akawa anarudi na jibu lilelile. Na kitabu kilikuwa hicho kimoja tu. Padri aliandika kuomba kingine, lakini njia zilianza kufungwa, boti zikaanza kupungua, halafu rebelio ikaingia, na nani tena angeuliza habari za hadithi?

Habari za vita mnazijua, sizirudii. Tulikimbia kama wengine, mimi na mama, tukavuka Ruzizi kwenda upande wa Burundi tukiwa na sufuria na blanketi. Kule tulikaa kwenye vibanda vya majani na watu wa Uvira na wa bondeni wote wamechanganyika. Ndipo siku moja kwenye foleni ya unga nikaona mikono yenye grisi. Zakaria! Nililia mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyenicheka. Wazazi wake walikuwa naye, kibanda cha tatu kutoka mtoni. Mzee alikuwa amelivua kabuti ili avuke mto, na mto ukalichukua. Bila kabuti alikuwa mtu mdogo kabisa, mabega yametoka, nikamwonea huruma hata kabla ya kukumbuka kumwogopa. Nilimsalimu kwa magoti. Akaitikia akiangalia pembeni.

Ikaendelea hivyo, nasalimu, anaangalia pembeni, mpaka alasiri moja mke wake akanikuta nateka maji, akaniita kwa mkono. Tulipofika kibandani akaingiza mkono ndani ya kikapu cha mbegu za maharage, akatoa kitabu. Kile kile! Nikashangaa, katika vitu vyote vya kuokoa? Akaniambia, "Mwanangu, ningekiacha ku nyumba, wale watu wa bunduki wangekikuta, wangesoma, wangemucheka baba yenu." Alikuwa amebeba aibu ya mume wake kichwani kutoka Lubarika, akaacha sufuria nzuri.

Mzee alikuwa amekaa kwenye jiwe, amenigeuzia bega. Akasema, "Soma yote. Hapa nimekaa tu, sina kazi, sina shamba. Nataka nijue ginsi gani yule muntu alimaliza. Kama anaanguka mu choo, useme."

Nikakifungua. Kurasa za nusu ya mwisho zilikuwa bado zimeshikana, kumbe muda wote ule hakumpa mtu yeyote amsomee. Nikamwambia, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Nisome kwanza mwenyewe, kimyakimya. Kisha nitakusomea." Akafikiri, akakubali. Nikachukua kipande cha tete, nikakata kurasa taratibu, nikasoma mwenyewe, naye akawa ananitazama usoni kama mtu anayetazama daktari. Nikitabasamu anasogea. Nikikunja uso anakohoa. Halafu nikafika mahali machozi yakanitoka, sikuweza kuyazuia.

"Unalia juu ya nini?" akaruka. "Nimekufa?"

"Hapana, baba. Hujafa."

"Basi soma, mutoto, unaniua kweli!"

Nikasoma. Mke wake akaja, Zakaria akaja, mama yangu akaja, majirani wakaacha moto wao. Kumbe Simeoni wa kitabuni alikuwa na kaka mgonjwa wa ukoma, watu walimfukuza akaishi peke yake ng'ambo ya mto, na nyama yote ile ilikuwa inakwenda kwake. Hakumwambia mtu, kwa sababu kaka yake alimwapisha asimtaje, alitaka watu wadhani amekufa. Alikubali kuitwa mchoyo nchi nzima. Na aliyekuja kugundua ni yule bibi arusi ambaye mguu wa mbuzi ulianguka miguuni pake. Alimfuata kwa siri mpaka mtoni, akaona, akarudi bila kusema neno, na tangu siku hiyo kila arusi iliyofanyika alikuwa anatenga sahani, anaiweka karibu na mkono wa Simeoni, anageuka kuangalia kwingine.

Nikafika mwisho, nikakifunga kitabu. Mzee alikuwa anaangalia ng'ambo, kwetu. Akauliza, "Yule mwenye kuandika, ananijua?"

"Hakujui, baba. Ametunga tu."

"Ametunga muzuri." Akafuta pua kwa kiganja. "Kama ungesoma mpaka mwisho ile siku, Feliste!"

Mke wake akadakia palepale, "Angesoma ginsi gani, na weye ulimunyang'anya buku?"

Mzee akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake. Halafu akamgeukia Zakaria, akasema kwamba ng'ombe hawapo tena, wameliwa na vita, lakini kama wazee wa upande wangu watakubali maharage yale ya mbegu, yeye hana neno lingine.

Tulioana kulekule, kwa maharage na kasiksi kidogo, pombe ya ndizi ya majirani. Baba mkwe wangu hakurudi Lubarika, alizikwa upande ule wa mto kabla amani haijarudi, na katika miezi yake ya mwisho nilimsomea hadithi ile mara nyingi kiasi kwamba alikuwa ananisahihisha. Watu wa vibanda vingine wakija kusikiliza alikuwa anajitambulisha kabla sijaanza.

Mimi na Zakaria tulirudi Uvira tukiwa na watoto, nikafundisha mpaka macho yakachoka, na hata leo vitabu vipya vya hadithi vikifika, vya wakubwa au vya watoto, majirani wananiletea niwasomee jioni za Jumapili. Nakubali. Lakini niliapa na nimeshika kiapo: hakuna kitabu kinachofunguka mbele ya watu kabla hakijafunguka kwangu, peke yangu, mlango umefungwa, kutoka jina la mwandishi hadi nukta ya mwisho. Na nikikutana humo na jina la mtu wa mtaani kwetu, siruki, sibadilishi. Natuma mtu amwite. Anakuja, namwekea kiti, nampa chai, namwambia, kaa baba, kaa mama, tulia, sikiliza kwanza wewe.